Sabuni Iliyokataa Kushikana

Mimi ni mwalimu wa kemia, na sioni haya kusema kwamba najivuna. Watu wengi hukutana na somo langu kidato cha kwanza, likawatisha, wakalikimbia maisha yao yote. Mimi nililipenda siku nilipoambiwa kwamba chumvi ya mezani imetengenezwa kwa vitu viwili ambavyo, kimoja kimoja, mtu mwenye akili angevikwepa. Sodiamu ni metali laini inayolipuka ukiitupa majini. Klorini ni gesi ambayo ukiivuta inakuchoma mapafu. Vikutane, unapata kitu cha kunyunyiza kwenye yai la kuchemsha. Nimesahihisha majibu ya ajabu kwa miaka mingi, na bado jambo hilo linanifurahisha kila ninapolifundisha.

Nafundisha shule ya wasichana huko Mbooni, upande wa Makueni, kwenye vilima vyenye baridi, maparachichi na maji matamu. Lakini kwetu ni Migwani, Kitui, na kwetu maji matamu hutoka mbinguni tu, tena kwa msimu. Ukichimba kisima kirefu, tunachokiita borehole kama Wakenya wengine wote, utapata maji, ila ni ya chumvi. Mgeni akipewa chai ya maji hayo anakunja uso. Sisi tunamcheka kidogo, halafu tunamwongezea sukari.

Ninachotaka kusimulia kinamhusu mama yangu, na kinahusu mkono wake wa kulia.

Kikundi cha akina mama wa kanisa letu kilianza kama mwethya, ule utaratibu wa Wakamba ambapo leo mnachimba matuta katika shamba la huyu, kesho mnahamia kwa yule. Baadaye wakaona watafute kazi isiyongoja mvua, wakachagua kutengeneza sabuni ya maji. Mwanamke mmoja mwenye duka la kemikali kule Emali alikuja kuwafunza, akakaa nao kutwa nzima katika uwanja wa kanisa. Somo lake lilikuwa rahisi. Unachukua dawa nzito ya sabuni, ile inayofanana na mafuta ya kupaka, unaikoroga na chumvi hadi inakuwa nyeupe. Unaongeza maji kidogo kidogo. Mwishoni unatia rangi na manukato. Ukiona sabuni ni nyepesi, ongeza chumvi, kwa sababu chumvi ndiyo inayoifanya iwe nzito. Kisha akaweka sharti moja: akoroge mtu mmoja, kwa upande mmoja, mwanzo hadi mwisho.

Akina mama walilishika sharti hilo kama amri ya kumi na moja. Kila beseni la sabuni likawa na mwenyewe. Ikitoka nzuri, sifa zilikuwa za mtu mmoja, na hakuna aliyejiuliza siku itakapoharibika lawama zitakuwa za nani.

Mkorogaji aliyechaguliwa alikuwa mama, mwenyekiti wao. Sikushangaa. Mama amesonga ugali wa harusi na wa matanga katika eneo letu lote, na bega lake halijui kulalamika. Sabuni yake ilikuwa sabuni kweli. Ukiinua mwiko, inashuka polepole kama asali. Maduka ya sokoni yaliitafuta, na mama alianza kutembea na kidevu juu kidogo, jambo ambalo baba alimtania kwalo bila kuchoka. Alikuwa akimwita "mwenye kiwanda".

Kisha baba akafariki.

Sitaandika mengi juu ya hilo. Tulimzika, watu wakaja, watu wakaenda, mama akakaa nyumbani kwa muda kama inavyostahili. Katika kipindi hicho makamu wake kwenye kikundi, mwanamke waliyekua pamoja na kuolewa karibu wakati mmoja, alichukua mwiko. Alikoroga kwa maji ya mvua yaliyobaki katika tangi la kanisa, na sabuni ikatoka vizuri.

Mama aliporudi kiangazi kilikuwa kimekaza. Tangi la kanisa lilikuwa likitoa mlio wa debe tupu. Kwa hiyo siku hiyo maji yaliletwa na punda kutoka kwenye borehole, na hakuna aliyelitaja jambo hilo, kwa kuwa kwetu maji yakipatikana unashukuru Mungu, huyafanyii mahojiano. Mama akakoroga. Sabuni ikakataa. Ilikuwa nyepesi kama maji ya kuoshea vyombo. Wakafanya walivyofunzwa, wakaongeza chumvi. Ikazidi kuwa nyepesi. Wakaongeza tena, wakaombea beseni, wakaongeza tena. Walimaliza wakiwa na beseni la maji ya rangi ya kijani yanayonukia limau.

Wiki iliyofuata ikawa vilevile. Mara ya tatu, makamu aliomba abebe vifaa nyumbani kwake akajaribu mwenyewe. Alirudi na ndoo ya sabuni nzito, inang'aa, hata mwiko ulisimama. Hapo kesi ikawa imekwisha bila hakimu.

Kuna neno la Kikamba, thavu, ambalo maana yake ni uchafu usioondoka kwa kuoga, uchafu unaomfuata mtu aliyeguswa na kifo au na jambo zito. Wazee wa zamani walikuwa na njia zao za kuuondoa. Sisi ni watu wa kanisa, hatuamini mambo hayo. Kila Jumapili tunaimba kwamba tumeoshwa. Lakini Jumatatu neno lile lilikuwa likizunguka sokoni kwa sauti ya chini, na wenye kulizungusha waliongeza kwamba wao hawaamini, wanasema tu yanayosemwa. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Mama alinipigia simu wakati shule zinakaribia kufungwa. Aliniuliza habari ya baridi ya Mbooni, akaniuliza kama nakula, kisha akasema, "Nimeambiwa nipumzike."

"Upumzike na nini?"

"Na kukoroga. Wanasema nimechoka na mambo ya matanga."

"Na wewe umechoka?"

"Mimi?" akasema. "Mimi nimewahi choka siku gani?"

Nilimjua mama vya kutosha kujua kwamba hakupiga simu kwa ajili ya mwiko. Shule ilipofungwa nilienda nyumbani moja kwa moja, na siku ya kwanza hakusema lolote. Ya pili, tukichagua mawe kwenye pojo, ndengu kama tunavyoziita kwetu, ndipo maneno yakatoka. Kanisani mchungaji aliposema kila mtu amsalimie jirani yake, aliyekaa karibu naye alishikilia Biblia kwa mikono miwili. Kwenye harambee ya ujenzi alipeleka sufuria ya muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, na watu walikula vya wengine. Jioni aliibeba sufuria yake kurudi nyumbani ikiwa imejaa.

"Haikuguswa?" nikauliza.

"Ilifunguliwa," mama akasema. "Wakaangalia. Wakafunika."

Mimi nina hasira za karibu, na wanafunzi wangu wanaweza kuthibitisha. Niliinuka. Nilikuwa tayari kwenda kwa makamu wake nikaseme ambayo yangetufanya tuhame eneo. Mama hakuinua hata uso.

"Kaa chini, mwalimu. Kunywa chai kwanza."

Nilikaa, nikanywa chai, na nilipoimeza nikajiona mjinga. Ilikuwa chai ya borehole. Nilikuwa nimeinywa tangu jana bila kuiwaza; sasa, baada ya miezi ya maji ya Mbooni, chumvi ilinigonga ulimi. Niliishika glasi na kuitazama kama mtu aliyeona mwizi wake akipita barabarani.

"Mwaitu," nikasema, ambalo ndilo neno letu la kumwita mama, "ile sabuni iliyoharibika mlikoroga na maji ya wapi?"

"Ya borehole. Tangi si liliisha?"

"Na makamu, akiwa kwake?"

"Yeye ako na tangi yake." Akafikiri kidogo. "Na kufuli."

Nilicheka kwa sauti, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza mtu kucheka katika nyumba ile tangu mazishi. Mama alinitazama kana kwamba nimepandwa na homa. Nikasogeza uteo wa ndengu katikati yetu, nikachora duara kwa kidole kwenye unga wa vumbi uliokuwa juu ya gunia, nikaanza kufundisha.

Naomba msomaji anivumilie hapa, maana hii ndiyo kazi yangu na naipenda. Kila kitu ni atomu. Katikati ya atomu kuna kiini chenye chaji chanya, na kukizunguka kuna elektroni, ndogo mno, zenye chaji hasi, zilizopangwa katika mizingo. Nilitumia ndengu kuwa elektroni. Sodiamu: mbili mzingo wa ndani, nane unaofuata, na moja tu nje, peke yake. Klorini: mbili, nane, na saba nje. Atomu hupenda mzingo wa nje ujae, na kwa hizi mbili kujaa ni nane. Sodiamu ana moja inayomsumbua, klorini anakosa moja. Nilichukua ile ndengu moja nikaihamisha.

"Amempa," mama akasema.

"Amempa. Na sasa hakuna kati yao aliyebaki atomu ya kawaida. Aliyetoa amepungukiwa na hasi, kwa hivyo amekuwa chanya. Aliyepokea amekuwa hasi. Tunawaita ayoni. Na chanya na hasi huvutana, wanashikana, hiyo ndiyo chumvi."

"Huyu aliyetoa, anaweza kurudishiwa?"

"Si kirahisi. Inahitaji nguvu nyingi sana."

Mama alilitazama lile duara lenye ndengu zilizopungua. Aliligusa kwa ukucha. "Kwa hivyo si ati ameharibika," akasema polepole. "Amebadilika tu."

Kuna majibu ya mtihani ambayo mwalimu huyapa alama zote na kusonga mbele.

Nikaendelea. Chumvi ikiingia majini, ayoni zile huachana na kutawanyika, kila moja ikizungukwa na molekuli za maji. Maji yenyewe ni habari nyingine: oksijeni na haidrojeni hazipeani elektroni, zinatumia pamoja, kama majirani wawili wenye jembe moja. Sabuni ina vyote viwili. Mkia wake ni mrefu, wa kaboni na haidrojeni zinazotumia elektroni pamoja, nao unapenda mafuta. Kichwa chake ni ayoni, kina chaji hasi, nacho kinapenda maji. Sasa vichwa vyenye chaji moja husukumana, havitaki kukaribiana. Ukitia chumvi kidogo, ayoni za sodiamu zinaingia katikati na kuvituliza. Sabuni inajipanga, inakuwa nyuzi ndefu zinazosokotana, na hapo ndipo unapoona uzito. Yule mwanamke wa Emali alisema kweli. Chumvi huifanya sabuni iwe nzito.

Lakini ni mpaka kiwango fulani tu. Ukizidisha, zile nyuzi hazisokotani tena vile, zinateleza, na sabuni inarudi kuwa maji. Na maji ya borehole yetu yanakuja yakiwa yamejaa ayoni tayari, sodiamu, na kalisiamu, na magnesiamu, hizo mbili za mwisho zikiwa na chaji mara mbili. Akina mama walianza safari wakiwa wamekaribia kileleni bila kujua. Kila kijiko cha chumvi kilichoongezwa kiliwateremsha upande wa pili. Kosa hilo lisingetokea Mbooni. Lingetokea kwetu tu, kwa watu waliozoea maji ya chumvi hata wakasahau kwamba ni ya chumvi.

Mama alisikiliza yote. Kisha akauliza swali ambalo ningetamani kidato cha tatu waulize: "Utajuaje kama ziko, na hazionekani?"

Nilitafuta tochi ya sola iliyoharibika, nikatoa kitaa chake kidogo chekundu. Nikachukua betri za redio ya baba, nyaya na misumari miwili. Jikoni kulikuwa na kivuli. Tulikuwa na chupa moja ya maji ya mvua ambayo mama huiweka kwa ajili ya macho yake yanapowasha. Nikamimina kikombe, nikatumbukiza misumari. Kitaa hakikuwaka. Nikahamisha misumari kwenye kikombe cha maji ya borehole. Kikawaka. Kilikuwa kinyonge, chekundu kama kaa linalozimika, lakini kilikuwa kinawaka.

"Umeme unapitia kwa ayoni," nikasema. "Pasipo na ayoni haupiti."

Mama aliitoa misumari mwenyewe, akairudisha, akaitoa, akairudisha. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu baba afariki. Kisha akaupanga uso vizuri.

"Sasa nisikilize. Alhamisi wanakutana. Utakuja na mimi, lakini utanyamaza. Sitaki uwaambie wamekosa shule. Sitaki mambo ya elektroni. Na hiyo taa yako ibaki hapa."

"Mwaitu, ile taa ndiyo ushahidi!"

"Ushahidi wa maji, ndiyo. Mimi wananishuku mkono."

Nilikasirika kidogo, nakiri, maana mwalimu asiyeruhusiwa kufundisha ni kama jogoo aliyefungwa mdomo. Lakini nilitii.

Jumatano mama aliniambia nibebe mtungi mmoja, yeye akabeba wa pili, tukaenda kwa makamu wake. Maji ya mvua katika eneo letu msimu ule yalikuwa kwake tu. Tulimkuta akianika nguo. Alipotuona alitengeneza leso yake kiunoni, akalitazama lango, akatutazama, na nikamwona anatafuta uso wa kuvaa.

"Karibuni. Mama Mwalimu, umekuja na mwalimu mwenyewe!"

"Nimemleta anisaidie kubeba," mama akasema. "Tumekuja kuomba maji ya tangi. Mitungi miwili."

"Ya nini?"

"Ya kukoroga kesho. Mimi nikoroge na yako. Wewe ukoroge na ya borehole. Wakati mmoja, mahali pamoja, wote wakiona."

Nilimtazama yule mama na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba naye alikuwa na hofu. Kama sabuni yake ingeharibika, mkosi ungehamia kwake. Kama isingeharibika, angekuwa amemzika rafiki yake mbele ya watu. Alikuwa na kila sababu ya kusema maji yameisha. Badala yake aliingiza mkono shingoni, akavuta uzi, na ufunguo wa kufuli ukatoka ukining'inia.

"Leteni mitungi," akasema.

Alhamisi uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa kuliko kawaida. Habari zilikuwa zimetembea. Kulikuwa hata na wanawake wa kanisa jingine waliojifanya wanapita. Waliomba, wakaimba wimbo mmoja, mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha mabeseni mawili yakawekwa kwenye meza. Katibu alipima dawa ya sabuni sawa kwa sawa na chumvi sawa kwa sawa, na hakuna aliyesogea karibu sana.

Mama akasimama kwenye beseni lake na maji ya mvua. Makamu akasimama kwenye lake na maji ya borehole. Wakaanza kukoroga, kila mmoja kwa upande mmoja, kama walivyofunzwa. Nilikuwa nimekaa nyuma kwenye kiti cha plastiki nikiuma ulimi. Nilijua kemia iko upande wetu. Nilijua kabisa. Hata hivyo niliogopa, maana haikuwa sabuni tu iliyokuwa ikikorogwa pale. Kama kwa bahati mbaya yoyote beseni la mama lingekataa, hakuna atomu duniani ambayo ingemwosha.

Maji yakaongezwa kidogo kidogo. Beseni la mama likaanza kuvuta. Kwanza mwiko ulikuwa mwepesi, kisha nikaona bega lake likiinama kidogo, lile bega nililolijua, likifanya kazi. Aliinua mwiko. Sabuni ikashuka polepole, utepe mmoja mrefu, haukatiki. Mwanamke mmoja mbele akamwita Mungu, "Ngai!" na mwingine akamkanyaga mguu.

Kwenye beseni la pili makamu alikoroga kwa kasi. Alikuwa anatiririka jasho. Aliinua mwiko, na kilichoshuka kilikuwa maji.

"Ongeza chumvi," mtu akasema.

Akaongeza. Ikawa nyepesi zaidi. Aliutazama mkono wake. Sijapata kuona mtu mzima akiutazama mkono wake namna ile, kana kwamba umeletwa na mtu mwingine. Wanawake walikuwa wameanza kutazamana, na nikaliona lile neno likijiandaa kuhama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine.

Mama hakuliacha lihame. Aliuweka mwiko wake chini kabla kicheko cha kwanza hakijatoka, akaenda akasimama bega kwa bega na makamu wake, akaushika ule mkono mbele ya watu wote.

"Si mkono," akasema. Alisema kwa Kikamba, kwa sauti ile ya kuita watu waje kula. "Angalieni. Mkono wake ni ule ule uliokoroga nyumbani kwake sabuni ikatoka nzuri. Na wangu ni ule ule ulioharibu. Mikono haijabadilika. Kilichobadilika ni maji. Borehole yetu ina chumvi, sote tunaijua kwa chai. Tukiongeza chumvi kwa chumvi, sabuni inakataa. Hiyo ndiyo siri yote. Ikiwa ni maji ya borehole, chumvi usitie mpaka upime uzito kwa mwiko."

Sikuwa nimemfundisha aseme hivyo. Alikuwa ameyatupa majina yangu yote, sodiamu na chaji na mizingo, akabakiza ukweli mtupu, na ulitosha. Kisha hakuishia hapo. Alichukua dawa nzito iliyobaki, akamwambia makamu amimine maji ya mvua polepole, na wakaliokoa lile beseni lililoharibika, wawili wakishika mwiko mmoja, kinyume cha sharti la Emali. Ilichukua muda. Ilipoanza kuvuta, makamu alianza kulia, na hakuacha kukoroga.

Mimi pia nililia. Sikuona sababu ya kujificha. Nimesimama mbele ya madarasa mengi, nimepigiwa makofi na wazazi, lakini sijawahi kuwa na fahari kama niliyokuwa nayo kwenye kiti kile cha plastiki, nikiwa sijasema neno hata moja. Mwanamke aliyeishia darasa la saba alikuwa amechukua somo langu na kulifanyia kazi ambayo mimi, kwa hasira zangu, ningeiharibu. Ningeshinda ule ubishi, na mama angebaki bila rafiki.

Mambo hayakurudi kuwa sawa siku hiyo hiyo. Watu hawabadiliki kwa beseni moja. Wengine waliendelea kusema kwamba maji ni maji, lakini kuna watu na watu. Sufuria ya mama kwenye mkutano uliofuata ililiwa nusu. Hata hivyo kikundi kilimrudishia mwiko, na mama akakataa kuushika peke yake. Alisema kuanzia sasa watakoroga kwa zamu, kila mtu, ili sabuni ikiharibika iharibike ya wote. Wakakubali. Nilimpigia simu nikamwambia kwamba kwa uamuzi huo angefaa kuwa mkuu wa shule yangu, akanijibu kwamba anajua.

Likizo ya Desemba nilikuwa nyumbani tena. Binti wa makamu alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, na tulikwenda kumwona, mama, mimi na akina mama wengine wa kikundi, tumebeba uji na sukari na majani ya chai. Kwetu mtoto mchanga hashikwi na kila mtu. Nyumba ile kwa siku nyingi ilikuwa imefungwa kwa wageni, na mtoto alikuwa bado hajatolewa kwa mtu wa nje. Tulikaa sebuleni, tukanywa chai, tukasifu jina la Bwana. Mama alikuwa amechagua kiti cha karibu na mlango, mbali kidogo, na nikamwona ameficha mikono chini ya leso. Hakuna aliyemwambia akae pale. Alikuwa amejizoeza.

Makamu alitoka chumbani na mtoto amefunikwa blanketi la manjano. Wanawake waliokaa mbele wakanyoosha mikono, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza. Akawapita. Akawapita wote, akavuka sebule mpaka mlangoni, akainama.

"Mshike wewe kwanza," akasema.

Mama alimtazama, kisha akatoa mikono chini ya leso, akaipangusa, ingawa ilikuwa mikavu na safi, akampokea mtoto.